Wazi kwa Nani?

Sayansi huria ni neno tamu, si ndiyo? Maana yake ni kwamba utafiti usomwe bure, na data iwekwe pahali ambapo mtafiti mwingine anaweza kuichukua, kuikagua na kuitumia tena. Kwa hilo sina ugomvi. Data ikifungiwa kwenye kabati la profesa mmoja, sisi huku kambini ndio tunaumia: kila shirika linakuja upya na maswali yale yale. Ugomvi wangu ni juu ya hela. Nani analipwa ili aifungue hiyo data?

Hela zipo. Mwaka 2015 Mozilla ilianza kuwapa watafiti chipukizi posho ya miezi kadhaa ili waeneze sayansi huria na kushirikishana data. Na wengine wana mipango kama hiyo. Mwaka 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha Pendekezo la Sayansi Huria, na ndani yake imeandikwa kwamba sayansi iwafungulie mlango hata watu walio nje ya vyuo. Vizuri sana. Sasa tufuate takwimu moja, tuone mlango huo unamfungukia nani.

Mama yuko mbele ya nyumba yake Kalobeyei. Kijana wa kambi amekaa naye na tableti. "Katika siku 7 zilizopita, mmekula nyama siku ngapi?" Kijana anauliza kwa Kiswahili, akiona hajaeleweka anageukia Kirundi. Ni yeye anayeamua kama jirani anayekula chungu kimoja na huyo mama ni wa kaya hiyo ama ya kwake. Ni yeye anayejua kwamba mtu mwenye njaa huona aibu na kusema "tumekula", na anajua kuuliza tena bila kumvunjia heshima. Hiyo ni sayansi. Bila hiyo, hesabu zote za mbele ni uongo mtupu.

Kwa kazi hiyo kijana anapata insentivu ya siku chache. Data inapanda ndege. Huko inakofika, mwenye shahada anaisafisha, anaiweka mtandaoni, na anapewa ufadhili kwa sababu ni mtu wa uwazi. Kijana wetu? Mara nyingi anakutwa mwisho wa ripoti, kwenye mstari wa "tunawashukuru wote waliokusanya data". Hata jina hana.

Mtasema: si aombe ufadhili na yeye? Aombe na nini, ndugu zangu? Mara nyingi wanataka chuo, barua ya msimamizi, akaunti ya benki, pasipoti ya kwenda kwenye mikutano. Huyu, hata kutoka kambini kwenda Nairobi, lazima aombe kibali.

Na data yenyewe? Uchunguzi wa hali ya maisha ulifanyika Kalobeyei 2018 na Kakuma 2019, na data yake imewekwa mtandaoni bila majina ya watu. Ni jambo jema. Lakini maelezo ni ya Kiingereza, faili zinataka kompyuta na programu ya takwimu, na bando ni pesa ya sabuni. Mlango umefunguliwa kweli, ila uko ghorofa ya tano na ngazi hakuna.

Wengine watanijibu kwamba data ya wakimbizi ni hatari. Ni kweli. Mwaka 2021 Human Rights Watch ilieleza jinsi taarifa za Warohingya zilizokusanywa Bangladesh zilivyofika mikononi mwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia. UNHCR ilikanusha kwamba ilikosea. Lakini hatari hiyo ndiyo sababu ya kutuweka mezani. Anayejua ni swali gani likitoka nje litamfikisha mtu pabaya ni yule anayelala huku. Kufungua na kufunga, vyote viwili vinataka watu wetu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kakuma ipo tangu 1992. Mtafiti ameshakuwa mgeni miaka mingi mno. Jembe lake ni hili:

Kila ufadhili wa sayansi huria unaotumia data ya kambi utenge nafasi ya mkusanyaji wa kambi, alipwe kama mtafiti, na jina lake liwe juu kwenye waandishi.

Matokeo yasomwe kwanza kwenye mkutano wa bloku, kwa lugha za bloku, kabla ya jarida lolote.

Na kabla data haijawekwa wazi, kamati ya wakazi iwe na neno la mwisho juu ya kinachobaki siri.

Ninyi wa mashirika mnaosoma hapa, bajeti mnaziandika ninyi. Wekeni mstari huo. Na wewe jirani, wakija tena na tableti, kabla hujaweka kidole kwenye fomu ya ridhaa uliza: majibu yatarudi lini, na nani atatusomea? Wasipokuwa na jibu, una haki ya kunyamaza.