Pesa ya Mafuta Isikatwe Kwenye Amana

Umerudisha gari la kukodi Jumapili jioni. Umechoka, watoto wamelala kiti cha nyuma, na kesho ni kazi. Jamaa wa gari anachungulia dashibodi na kutikisa kichwa: "Ulipewa ikiwa nusu tanki. Hapa naona robo." Wewe unajua kabisa ulipewa ikiwa robo, lakini huna cha kuonyesha. Na ile amana yako iko kwa simu yake, si kwa yako.

Sisi pia yametukuta. Mwaka jana wanne wetu hapa ofisini tulichanga tukakodi gari dogo kwenda Naivasha. Amana ilikuwa shilingi 10,000. Ikarudi 6,500. Tulipouliza mbona, jibu lilikuwa neno moja tu: "Mafuta." Lita ngapi? Kwa bei gani? Hakuna aliyetuambia. Kwa simu tuna ujumbe wa kutuma 10,000 na ujumbe wa kupokea 6,500. Zile 3,500 hazina ujumbe wowote. Na hii ni sisi, watu ambao kazi yetu ni malipo!

Ndiyo maana tunasema hivi: pesa ya mafuta isikatwe kwenye amana. Ilipwe kivyake. Kama mteja amerudisha gari na mafuta pungufu, aambiwe ni lita ngapi na kila lita ni pesa ngapi, alipe hapo hapo, kisha arudishiwe amana yake yote. Miamala miwili, kila mmoja na kiasi chake na saa yake. Mwenye gari hapotezi kitu, kwa sababu amana bado anayo hadi mafuta yalipwe. Mteja naye anaona anacholipia.

Kuna watakaosema huo ni usumbufu, si pesa ni ile ile? Hapana. Pesa inayokatwa kimya kimya haiulizwi maswali. Pesa unayoombwa uitume, lazima kwanza uambiwe ni ya nini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Magari madogo mengi tunayokodi, kama Vitz au Demio, tanki lake ni lita 40 na kidogo. Robo tanki basi ni kama lita 10. Bei ya juu kabisa ya petroli hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, mji kwa mji, kwa hivyo haifai kuwa siri. Tuseme lita ni shilingi 180: robo ni kama 1,800. Zile 3,500 zetu zingenunua zaidi ya lita 19, karibu nusu tanki. Na tulikuwa tumeongeza mafuta Naivasha kabla ya kurudi! Shida ni kwamba tulilipa kwa pesa taslimu na risiti tukaitupa.

Kampuni ikitaka kuongeza ada ya kwenda kujaza gari, ni sawa, lakini iandike kwenye mkataba kabla hujapewa ufunguo. Ada unayoisikia kwa mara ya kwanza wakati wa kurudisha gari si ada, ni mtego.

Hadi kampuni zibadilike, jilinde:

1. Kabla ya kuondoka, washa gari likiwa mahali tambarare, kwa sababu kwenye mteremko mshale wa mafuta unaweza kudanganya. Piga picha moja inayoonyesha mshale na kilomita, kisha mtumie mwenye gari kwa WhatsApp hapo hapo. Ikibaki kwa simu yako pekee, atasema ni ya siku nyingine.

2. Tuma amana kwa nambari ya biashara, si kwa nambari ya simu ya mfanyakazi. Akiacha kazi kesho, utamdai nani?

3. Jaza mafuta kwenye kituo kilicho karibu na unaporudisha gari, lipa kwa simu, na uitishe risiti yenye lita.

4. Usitoe ufunguo kabla nyote wawili hamjaangalia mshale. Piga picha tena.

Tuwe wakweli kuhusu jambo moja. Wateja hutupigia wakitaka turudishe amana iliyokatwa. Kurudisha muamala ni kwa aliyetuma pesa kwa nambari isiyo sahihi. Ukituma kwa hiari yako kisha mkakosana, sisi hatuwezi kuamua nani ana haki. Ujumbe wetu unaonyesha nani alituma, kiasi gani na saa ngapi. Hauonyeshi kwa nini. Hiyo "kwa nini" ni picha na mkataba wako.

Ukiwa navyo na bado mwenye gari amekataa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na si lazima uwe na wakili. Lakini wengi wetu hatutaenda kortini kwa sababu ya 3,500, na wanaokata wanalijua hilo vizuri.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujatuma amana, uliza swali moja: "Mafuta yakipungua, nitalipaje?" Jibu likiwa "tutakata tu," tafuta gari kwingine.