Anachokiona Mtumishi wa Hifadhi

Wiki hii ukurasa wetu wa familia unaelekea Sitalike, mkoani Katavi. Kijiji hiki kipo kusini mwa mji wa Mpanda, mwendo wa takriban kilometa 35, na hapo ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974, na mwishoni mwa miaka ya tisini ikapanuliwa hadi kufikia kilometa za mraba 4,471. Wapo wazazi wa huko ambao riziki ya nyumba zao hutoka hifadhini: huyu kijana wake ni askari mhifadhi, yule binti yake anaongoza watalii, mwingine mumewe ni dereva, fundi wa magari au mpishi wa kambi.

Kijana anapoleta habari kwamba amepata kazi hifadhini, wazazi huuliza mambo mawili. La kwanza ni mshahara, na la pili ni usalama wake mbele ya wanyama. Maswali hayo ni ya haki, wala hatuyabezi. Lakini lipo la tatu ambalo aghalabu halisemwi: kazi hiyo itamfundisha kuona nini? Maana mgeni huja hifadhini siku mbili, akapiga picha za tembo na simba, akaondoka ameridhika. Mtumishi hubaki. Hupita njia ile ile masika na kiangazi, na kidogo kidogo macho yake huanza kusoma yale ambayo mgeni ameyakanyaga bila kuyajua.

Tuanze na ardhi yenyewe. Asubuhi, kabla jua halijapanda, vumbi la barabara huwa limeandika habari za usiku. Unyayo wa simba hauonyeshi kucha, kwa kuwa simba huzirudisha ndani anapotembea. Unyayo wa fisi huzionyesha. Mguu wa mbele wa tembo huacha alama ya mviringo, na wa nyuma huacha alama iliyorefuka kidogo. Kwa hiyo mwenye ujuzi hutambua ni mnyama gani aliyepita na alikuwa akielekea wapi. Akiinua macho akaona tumbusi wanazunguka mahali pamoja angani, anajua kwamba huenda chini yake kuna mzoga, na askari hawezi kupuuza ishara hiyo, kwani huenda mnyama amekufa kwa maradhi, au ameuawa na jangili.

Tukija kwenye viboko, ambao Katavi inajulikana sana kwao, mgeni huona migongo iliyolala majini na kudhani ni wanyama wavivu. Mtumishi anayafahamu maisha yao ya usiku. Jua likizama hutoka mtoni kwenda malishoni, na kiboko mmoja aliyekomaa huweza kula takriban kilo 40 za majani kwa usiku mmoja. Kabla ya mapambazuko hurudi kwa njia zile zile, njia zilizochimbika kama mifereji kwa miaka mingi ya kupitiwa. Ndiyo maana mwenyeji hamruhusu mtoto kusimama kwenye njia ya kiboko wakati wa magharibi, hata kama kwa wakati huo hapaonekani mnyama yeyote. Ute mwekundu uonekanao kwenye ngozi yake, ambao wengi hudhani ni damu, ni kinga dhidi ya jua kali. Na mtoto wake huweza kunyonya akiwa chini ya maji, huku akiwa amefunga pua na masikio.

Mambo mengine yaliyofichika yanatuhusu sisi wenyewe, hata katika mavazi. Katavi ina mbung'o wengi, na mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na rangi nyeusi. Kwa sababu hiyo, katika hifadhi nyingi za Tanzania utaona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa mitini kando ya barabara; vimetiwa dawa ya kuwaua wadudu hao, ambao huweza kueneza ugonjwa wa malale. Basi mama anayekwenda kuitembelea hifadhi amevaa buibui jeusi atakuwa amewaalika mbung'o bila kukusudia. Stara haipungui kwa kuchagua baibui au mtandio wa rangi ya udongo au ya majani makavu, na safari itakuwa ya raha zaidi kwake na kwa watoto.

Kingo za mto nazo zina siri zake. Kiangazi kinapokaza, mamba wa Katavi huingia kwenye mapango yaliyomo katika kingo za udongo, wakalala humo wakisubiri mvua. Mgeni asiyeelekezwa huweza kuitazama kingo hiyo akaona matundu matupu tu, asijue kwamba anatazamana na mamba wengi waliobanana gizani.

Hata jina la hifadhi lina kisa chake. Wenyeji wa Kibende husimulia habari za Katabi, ambaye mzimu wake uliaminiwa kuishi katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu walikuwa wakipeleka sadaka zao pale. Kijana wa Kiislamu anayeongoza watalii hawezi kulikwepa swali la mgeni kuhusu mti huo. Analoweza kufanya ni kueleza kwa ukweli kwamba hivi ndivyo wenyeji walivyoamini na kusimulia. Kuhifadhi historia ya watu na kuisema kwa adabu ni sehemu ya kazi yake, wala hakumlazimishi kuiingiza katika ibada zake.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote hayo, nalo ndilo lililotufanya tuiandike makala hii. Uhai wa Katavi unategemea mto Katuma. Mto huu huanzia nje ya mipaka ya hifadhi, hupita Sitalike, hulisha mbuga za Katavi na Chada zinazogeuka maziwa wakati wa masika, kisha maji huendelea kwa mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Mvua zikisha, kuanzia mwezi wa Juni hadi Oktoba, kila kiumbe hutegemea mabaki ya maji hayo. Na katika miongo ya karibuni mto huo umekuwa ukipungua mno kiangazi, hadi sehemu zake kukauka. Sababu mojawapo kubwa ni maji kuchepushwa huko juu kwenda kwenye mashamba, hasa ya mpunga.

Mgeni anayekuja mwezi wa Septemba hukuta viboko wengi wamebanana katika dimbwi moja la matope, akafurahi kwa kuwa picha ni nzuri. Mtumishi anaona jambo jingine. Anaona madume yenye majeraha kwa sababu ya kugombea nafasi. Anaona maji yaliyochafuka yasiyofaa tena kwa wanyama wengine. Anakumbuka dimbwi lililokuwa pale mwaka jana na leo ni udongo uliopasuka. Anajua pia kwamba viboko wakikosa maji ndani ya hifadhi watayafuata nje, na nje ndiko yaliko mashamba na nyumba za watu.

Hapo ndipo jambo linapoingia sebuleni kwetu. Katika ukoo mmoja huweza kuwamo ndugu wawili: mmoja amevaa sare ya hifadhi, na mwingine analima mpunga huko juu ya mto. Wa kwanza huhesabu viboko waliokwama. Wa pili amefungua mfereji ili watoto wake wale na ada ya shule ipatikane. Siku ya Idi hukaa mkekani, wakala pilau kwenye sinia moja, na mchele wa pilau hiyo umeota kwa maji ya Katuma. Nani kati yao tumwite mkosaji? Mkulima hakuchepusha maji kwa uadui. Lakini hapiti Sitalike mwezi wa Septemba, na asiyepita hawezi kuona mwisho wa mfereji wake ulipo.

Kwa hiyo yule ndugu aliyeona ana wajibu wa kusema, na pa kuanzia ni nyumbani, kabla ya mkutano wa kijiji. Amweleze nduguye alichokishuhudia kwa macho yake, bila kumtisha kwa sare. Amkumbushe kwamba kutumia maji ya mto kwa umwagiliaji kunahitaji kibali, na kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu wananchi kuunda jumuiya za watumia maji ili wagawane kwa utaratibu. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa ndiyo yenye dhamana ya eneo hilo. Banio lenye lango hufungwa shamba likishashiba; mfereji wa kuchimbwa kwa jembe hutiririka usiku kucha hata pale ambapo mpunga hauhitaji tone. Sote tumefundishwa tangu madrasa kutofuja maji ya udhu hata tukiwa kando ya mto unaotiririka. Fundisho hilo lina maana nzito zaidi pale ambapo mto wenyewe umeacha kutiririka.

Wazazi wenzangu, tusiwaandae watoto wetu kwa mshahara pekee. Kijana au binti anayetaka kazi hii anaweza kuifuata kwa elimu: kipo Chuo cha Mweka mkoani Kilimanjaro, kilichoanza mwaka 1963, na kipo Chuo cha Pasiansi huko Mwanza. Lakini kabla ya chuo, mpelekeni Sitalike kiangazi hiki. Simameni darajani mahali pa salama, pamoja na mtu anayepajua, na msimwonyeshe viboko tu. Mwacheni aulize maji yanatoka wapi, na ni nani anayeishi huko yanakotoka. Ikiwa jibu ni "ami yako", basi safari ya kurudi ipitie kwa ami, mkamsalimie na kuliona banio lake.

Wabillahi tawfiq.