Kodi ya jengo ni deni la mwenye nyumba



Natoa maoni yangu juu ya ndugu zetu wanaoishi ng'ambo huku wakimiliki nyumba hapa nchini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, lakini kaka yangu aliyeko Uingereza amenikabidhi nyumba yake ya mjini niiangalie. Nyumba hiyo ilikaa tupu miezi minne. Alipoingia mpangaji mpya, mama mmoja mshonaji, alinunua umeme wa shilingi 10,000 na papo hapo 6,000 zikakatwa kuwa kodi ya jengo. Alinipigia simu akidhani ameibiwa. Katika miezi ile hakulala humo hata usiku mmoja!

Wengi hawajaelewa jambo hili. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukusanywa kwa njia ya LUKU. Mwanzoni nyumba ya kawaida ilitozwa 12,000 kwa mwaka. Tangu Julai 2023 ni 18,000, yaani 1,500 kila mwezi. Ghorofa za mijini hutozwa 90,000 kwa kila sakafu. Mwezi usiponunua umeme deni halifutiki, linamngojea atakayenunua.

Nilipomweleza kaka, alijibu kwamba huko aliko mpangaji ndiye mlipaji. Ni kweli. Kodi ya halmashauri ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1993, kwa kawaida hudaiwa anayekaa ndani, awe mwenye nyumba au mpangaji. Nyumba ikiwa tupu, deni humrudia mwenyewe. (Na tangu Aprili 2025 halmashauri za England zimeruhusiwa kumtoza maradufu mwenye nyumba ya pili yenye samani ambayo si makazi ya kudumu ya mtu. Hilo kaka hakulitaja.)

Lakini sheria yetu haikujengwa hivyo. Kwetu anayedaiwa ni mwenye jengo, na mita ni njia ya kukusanyia tu. Mpangaji akikatwa, amemlipia mwenye nyumba, na ana haki ya kurudishiwa au kupunguziwa pango. Ujumbe wa simu wa kununulia umeme huitaja kodi hiyo peke yake, basi ushahidi anao.

Shida ni kwamba mpangaji atamdai nani, ikiwa mwenye nyumba yuko London na msimamizi, kama mimi wakati ule, hajui sheria? Yule mama nilimrudishia 6,000 zake kutoka katika pango, na kaka alinuna wiki mbili.

Naomba mamlaka husika na balozi zetu wawaeleze wenye nyumba walioko nje kwamba kodi hii ni yao, na kwamba nyumba ikiwa tupu msimamizi anunue umeme kila mwezi. Nayo mikataba ya kupangisha iandike wazi jinsi mpangaji atakavyorudishiwa fedha zake.

Mwalimu wa Kijijini,
Njombe.