Kuvuta Si Kusimamisha

Wahenga walisema, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Siku hizi, mavuno yakiisha, wengi wetu twampa Land Rover mzee, na nyuma yake twafunga tela. Naye huvuta bila kunung'unika. Hapo ndipo tunapodanganyika. Gari likishaweza kupanda kilima, twadhani litaweza na kushuka. Lakini kuvuta ni kazi ya injini, na kusimamisha ni kazi ya breki.

Haya, tupige hesabu. Land Rover fupi ya zamani ina uzito wa kama kilo 1,300. Tela nyingi ndogo hazina breki zake zenyewe, basi breki za gari ndizo zinazobeba kazi yote. Huko Uingereza, zilikotengenezwa gari hizo, sheria yakataza tela ya namna hiyo, pamoja na mzigo wake, kupita nusu ya uzito wa gari, wala isipite kilo 750. Nusu ya 1,300 ni 650. Ikiwa tela tupu ina kilo 250, zabaki 400, yaani magunia manne ya mahindi ya kilo 100. Gunia la tano na lingoje safari ya pili.

Katika kupakia, usirundike mzigo nyuma, maana tela itayumba na kulipeleka gari ovyo. Uzito ukae juu ya ekseli, na uelemee mbele kidogo. Ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, wala usikanyage breki kwa ghafula.

Kabla ya kuteremka, ingiza gea ya pili, au hata ya kwanza, ungali juu. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, kisha hazishiki tena. Na ukumbuke, mwendo ukiwa mara mbili, kazi ya breki huwa mara nne.

Funga na mnyororo wa akiba, na kabla ya kuifungua tela, zuia magurudumu kwa mawe.

Mwisho, nawasihi akina baba: asipande mtu juu ya magunia, hasa watoto. Gunia lililobaki shambani hufuatwa kesho.