FOLENI ISIYOONEKANA NAYO NI FOLENI

Zamani mwananchi wa Rulenge au Nyakahura aliyekuwa na haja serikalini aliijua foleni kwa macho yake. Aliikuta kwenye benchi nje ya mlango wa ofisi, akaketi, akahesabu waliomtangulia. Siku hizi benchi hilo limepungukiwa na watu. Maombi ya leseni, malipo ya ushuru na madokezo ya maofisa hupita katika kompyuta, na hayo ni maendeleo tunayoyaunga mkono bila kusita. Lakini hatuna budi kusema wazi kwamba foleni haikufutwa. Imehama kutoka barazani ikaingia ndani ya mashine, mahali ambapo mwenye haja hawezi kuiona.

Hatua zilizopigwa ni kubwa. Mwaka 2012 nchi yetu ilianzisha Wakala ya Serikali Mtandao, na Sheria ya mwaka 2019 ikaigeuza kuwa Mamlaka. Mwaka 2017 ulianza kutumika mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ambao humpa mlipaji namba ya kumbukumbu ili alipe benki au kwa simu yake. Fedha ya umma sasa haina haja ya kulala katika mfuko wa karani. Anayebeza jambo hilo hakumbuki tulikotoka.

Hata hivyo, tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Kabanga anayelipia leseni kwa simu. Fedha humtoka kwa dakika moja. Lakini habari ya malipo hayo husafiri kwa vituo: kutoka kampuni ya simu hadi mfumo wa malipo, na kutoka huko hadi mfumo wa halmashauri. Katika kila kituo ujumbe hupangwa nyuma ya uliotangulia, hushughulikiwa zamu yake ifikapo, na kituo kilichoupokea hujibu kwamba kimeupata. Mtandao ukikatika, ujumbe husubiri na kutumwa tena. Huo ndio uzuri wa foleni ya mashine: imebuniwa ili ujumbe usipotee njiani.

Tatizo huja pale majaribio yanapokwisha, au tarakimu moja ya namba inapokosewa. Hapo ujumbe huwekwa kando, katika sanduku la jumbe zilizoshindikana. Mashine imemaliza kazi yake. Iliyobaki ni kazi ya binadamu. Ikiwa hakuna ofisa aliyekabidhiwa kulifungua sanduku hilo, mfanyabiashara wetu atabaki mdaiwa ilhali amekwisha kulipa. Atafunga duka, atapanda basi kwenda wilayani, na huko ataambiwa kwamba mfumo haujamtambua. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sisi tunaongeza kwamba ujumbe nao usiuawe kwa kuachwa gizani, kwa maana ujumbe ni amana, na amana sharti ifikishwe kwa mwenyewe.

Ndivyo ilivyo pia kwa dokezo la ofisini. Jalada lililokuwa likilala chini ya rundo masijalani sasa hulala katika kompyuta ya mkubwa aliye safarini. Tofauti ni kwamba rundo la karatasi lilimwaibisha mwenye meza mbele ya kila aliyeingia, na rundo la kompyuta halimwaibishi mtu.

Foleni ina hesabu zake. Tangu mwaka 1909, Mdenmaki Agner Krarup Erlang alipochapisha hesabu zake kuhusu simu, wataalamu wamekuwa wakiichunguza. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuitumia: zidisha idadi ya wanaoingia kwa siku na siku anazokaa kila mmoja, utapata idadi ya wanaosubiri. Kama ofisi inapokea maombi 20 kila siku ya kazi, na kila ombi linakaa siku 15, basi maombi 300 yamo ndani yakingoja. Mtendaji anayetamba kwamba anamaliza maombi 20 kwa siku anasema kweli, na bado watu 300 wanamsubiri.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa halmashauri zetu za Ngara na Biharamulo. Kwanza, kila anayetuma ombi apate stakabadhi yenye namba, na aweze kuulizia kwa namba hiyo akiwa Murusagamba au Kalenge, bila kutumia nauli. Pili, sanduku la jumbe zilizoshindikana liwe na ofisa wake anayejulikana kwa cheo, alifungue kila asubuhi, na awe na wa kumshikia zamu anaposafiri. Tatu, katika kila kikao cha robo mwaka, Baraza la Madiwani lipewe takwimu mbili pamoja na taarifa za mapato: ni maombi mangapi yanangoja, na lililongoja kuliko yote lina umri wa siku ngapi.

Takwimu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Wastani waweza kuficha mengi, lakini ombi lenye umri wa siku 90 lina mtu nyuma yake. Huenda ni kikundi cha akina mama wa Runazi kinachosubiri mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, na mvua za kupandia haziwezi kuahirishwa hadi dokezo litiwe saini.

Viongozi wa Chama katika kata na matawi wana wajibu hapa. Ilani haitekelezwi kwa kununua kompyuta tu. Waende wakaulize foleni ina urefu gani, nani anaisimamia, na wa mwisho ataitwa lini. Wasiondoke kabla ya kujibiwa.