Maruhubi si ya Watalii Peke Yao

Kila siku ya kazi, kuanzia alfajiri, magari ya abiria ya njia nambari 502 hutoka mjini Unguja kwenda Bububu yakiwa yamesheheni walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi na akina mama wenye vikapu vyao. Yakishapita Kinazini, ilipo ile nyumba aliyokaa David Livingstone mwaka 1866 kabla ya safari yake ya mwisho ya bara, hushika njia ya kaskazini kandokando ya bahari: Maruhubi, Mtoni, Kibweni, Beit el-Ras, hatimaye Bububu. Katika mwendo huo mfupi abiria hupita mabaki ya majumba matatu ya masultani. Utingo hutaja kituo, hateremki mtu isipokuwa mwenye shughuli zake pale, na gari huondoka.

Anayeteremka Maruhubi kwenda kutazama nguzo za jumba la Sayyid Barghash ni mgeni, naye hakuja kwa gari la abiria. Ameletwa kwa teksi ya hoteli au kwa basi dogo la safari za viungo, akiwa na kiongozi anayemsimulia kwa lugha ya kwao. Hatuna ugomvi na mgeni huyo. Ametoka mbali kutaka kujua, na kutaka kujua ni jambo jema. Ugomvi wetu ni na mazoea yaliyotufikisha mahali ambapo mtoto aliyezaliwa Kibweni anaweza kumaliza masomo yake yote bila kukanyaga Maruhubi wala Mtoni, ilhali mtu aliyeshuka kwenye ndege jana ameshapiga picha zake na kuondoka.

Wapo wenzetu wanaojibu kwa ukali kwamba hayo ni majumba ya mabwana wa kale, na kwamba Mapinduzi ya Januari 1964 hayakufanywa ili watoto wa wakulima wakainame mbele ya nguzo za Sultani. Hoja hii ina sura ya uzalendo lakini haina mifupa. Hakuna anayemtaka mtoto ainame. Tunamtaka asimame wima chini ya nguzo hizo, ahesabu miaka.

Na ahesabu hivi. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la mjini. Jumba la Maruhubi lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897. Kwa hiyo jumba hilo liliinuliwa katika kipindi ambacho soko lilikwisha fungwa lakini utumwa wenyewe ulikuwa ungali halali. Tena nguzo zile, hamamu ile na mabirika yale ya maji yalijengwa kwa ajili ya makazi ya wanawake wa Sultani, na wengi wa wanawake hao walikuwa masuria. Amri ya 1897 haikuwagusa masuria. Iliwaacha walipokuwa hata ilipotoka amri nyingine mwaka 1909. Maruhubi iliungua mwaka 1899, katikati ya amri hizo mbili.

Haya ndiyo mambo yanayostahili kusemwa mahali pale, na yasemwe kwa Kiswahili. Badala yake kinachosimuliwa, mara nyingi kwa kicheko, ni kwamba Sultani alikuwa na masuria 99. Mgeni hucheka, huandika kwenye daftari lake, huenda zake ufukweni. Mwalimu wa historia ambaye hajawahi kufika pale hana la kusahihisha. Atasahihishaje jambo ambalo yeye mwenyewe amelisikia kwa mbali, kama abiria wa dirishani?

Mtoni nayo ina yake. Hapo ndipo alipoishi Sayyid Said, na hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1844 binti yake Salme, ambaye baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Kitabu hicho kinasomwa na wageni kabla hawajapanda ndege. Ni wangapi miongoni mwa walimu wetu wanaopita Mtoni mara mbili kwa siku wamekifungua? Wangekifungua, wangepata hata silaha ndogo ya kujibia porojo. Husimuliwa kwamba Bububu iliitwa hivyo kutokana na mlio wa garimoshi. Garimoshi lilianza kwenda huko mwaka 1905. Salme anaitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kitabu kilichotangulia reli kwa karibu miaka 20.

Tukiwa katika habari ya reli, yafaa tukumbushane kwamba ubaguzi wa safari katika njia hii haukuanza jana. Reli ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, na wenyeji ndio waliokuwa abiria wake wa kila siku. Lakini liliwekwa pia behewa maalumu la daraja la kwanza kwa ajili ya wasafiri wa meli waliotaka kukitazama kisiwa upesi upesi kabla ya nanga kung'olewa. Huduma ya abiria ilikoma katika miaka ya 1920. Fikra ya lile behewa ingali hai: mwenyeji husafiri kwenda kazini, mgeni husafiri kwenda kuona.

Wengine hawana ukali wa hao wa kwanza. Wao huja na hesabu. Husema: mgeni analeta fedha za kigeni, mwananchi ataleta nini? Huu ni ufinyu wa mawazo, tena una hasara hata kwa hesabu hiyo hiyo ya fedha. Jengo lisilojulikana na jirani zake halina mtetezi. Baada ya moto wa Maruhubi, marumaru za hamamu ziliibiwa. Huko Beit el-Ras jumba ambalo Sayyid Said alianza kulijenga mwaka 1847, na ambalo halikwisha hata alipofariki mwaka 1856, liligeuzwa machimbo: mawe yake mengi yalichukuliwa kujengea reli hiyo hiyo ya Bububu, na sehemu kubwa ya yaliyosalia ikabomolewa mwaka 1947. Na asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya zamani tu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka na kuua watu wawili. Ikiwa jengo linalotazamwa na mji mzima liliweza kuanguka, gofu la Mtoni lisilotazamwa na mtu litalindwa na nani?

Tunajua jibu la ofisini: hakuna fungu la usafiri. Jibu hili limezoeleka mno hata halichunguzwi tena. Kwa safari ya Maruhubi halina maana yoyote, kwa kuwa gari linapita mlangoni kutwa nzima. Mwalimu mmoja na wanafunzi 12 wanaingia katika gari moja la abiria baada ya wimbi la asubuhi kupungua. Hawahitaji basi la kukodi, wala barua ya kuomba dizeli, wala kamati. Kikwazo cha kweli ni kingine, nacho hakipendwi kutajwa: mwanafunzi hulipa nauli pungufu, na kwa sababu hiyo huachwa kituoni akitazama gari likiondoka na viti vitupu. Hilo ni jambo la wasimamizi wa usafiri kulikomesha, na kulikomesha hakuhitaji fedha za mfadhili.

Kadhalika na mabango. Pawekwe pale barabarani, kituoni hasa, ubao mkubwa wa Kiswahili unaoeleza ni nani aliyejenga, lini, kwa kazi ya nani, na nini kilitokea baadaye. Lugha nyingine zifuate chini yake. Kiingilio cha mwanafunzi anayefika na mwalimu wake kifutwe. Hasara yake kwa hazina haitalingana hata na gharama ya chai ya semina moja ya kuzungumzia urithi.

Pa kuanzia panajulikana. Chuo cha Ualimu Nkrumah, ambacho siku hizi ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kiko Beit el-Ras penyewe, na baraza kubwa la lile jumba lililogeuzwa machimbo lingali limesimama huko. Wanaojifunza ualimu wa historia hapo wana jengo la kwanza mlangoni kwao, la pili Mtoni na la tatu Maruhubi, yote katika njia ya gari moja. Wakufunzi wao wawapeleke muhula huu.