Jacuzzi za hoteli Bukavu: maji ya moto hayaoshi ugonjwa

Kila mwaka Februari 14 ikikaribia, matangazo ya hoteli yanajaa kwenye WhatsApp: chumba, chupa ya divai, maua ya plastiki na Jacuzzi yenye mapovu mbele ya Ziwa Kivu. Sina ugomvi na mapenzi ya watu. Ugomvi wangu ni na maneno yanayotembea kati ya vijana, kutoka Ibanda hadi Kadutu: eti ngono ya ndani ya maji haina hatari, kwa sababu maji yanaosha kila kitu, mimba na ugonjwa pia.

Ni uongo. Mbegu zikishaingia ndani ya mwanamke, maji ya beseni hayazifuati huko. Virusi vya ukimwi, kisonono na kaswende vinapita kutoka mwili hadi mwili hata kama muko ndani ya maji hadi shingoni. Tena maji yanaongeza hatari: yanaondoa ute wa asili wa mwanamke, ngozi laini inakwaruzika, na mkwaruzo mdogo unatosha kufungulia virusi mlango. Kondomu, ambayo wengi wetu tunaiita Prudence hata ikiwa ya kampuni nyingine, haikupimwa kwa kazi ya ndani ya maji. Inateleza na kutoka, na mafuta yanayomiminwa ili maji yanukie vizuri yanaharibu mpira wake. Tusisahau mpox. Kamituga, humu humu jimboni, mwaka 2023 ilijitokeza aina mpya ya ugonjwa huo, na wagonjwa wengi wa mwanzo waliupata kwa njia ya ngono. Ngozi kugusana na ngozi inatosha.

Lakini hata wapenzi wawili wenye afya, waliopimwa wote, wanapaswa kuuliza juu ya maji yenyewe.

Jacuzzi si pisini ndogo. Maji yake ni machache na ni ya moto, na moto unamaliza kloro haraka. Jasho, mafuta ya mwili na shahawa vinamalizia iliyobaki. Wataalamu wa afya wa Marekani wanataka angalau miligramu 3 za kloro kwa kila lita, na joto lisipite digrii 40. Chini ya hapo bakteria zinajenga makao ndani ya mabomba. Moja, Pseudomonas, inaleta vipele vyenye usaha. Nyingine, Legionella, inapanda na mvuke hadi kwenye mapafu, na inaweza kuua.

Sasa weka hayo Bukavu. SNEL inakata umeme, pampu inasimama, maji yanabaki vuguvugu bila kuzunguka. REGIDESO haitoi maji siku mbili, na mwenye hoteli anafikiri mara mbili kabla ya kumwaga mamia ya lita kwa sababu tu mteja wa saa nane ametoka na wa saa kumi anaingia. Namuelewa. Lakini kama hawezi kubadilisha maji, afunge beseni na apunguze bei ya chumba.

Na harufu kali ya javeli isikudanganye. Mara nyingi harufu hiyo inatoka pale kloro inapokutana na jasho na mkojo. Maji safi hayanuki sana. Kuna vijiti vya kupima kloro, kazi ya dakika moja. Huduma ya usafi inayoingia katika jikoni za hoteli iingie pia huko, na daftari la vipimo litundikwe ukutani ambapo mteja analisoma kabla ya kuvua nguo.

Mama mwenye mimba, hasa miezi ya kwanza, asikae katika maji ya moto hivyo. Aliyekunywa pombe nyingi naye asiingie: joto linashusha msukumo wa damu, na mtu anaweza kuzimia na kuzama.

Wengine wote, mapovu yapo, furahini, kisha mutoke, mujifute, na kondomu ivaliwe kitandani. Ikipasuka na hamujui hali ya mwenzenu, dawa za kuzuia VVU zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Usingoje Jumatatu.